Lita Mia Sita za Mramboni

Katika nchi moja ambayo jina lake tumeshauriwa tusilitaje, kwa kuwa bado linajadiliwa kwenye kamati, kulikuwa na Wizara ya Mafuta na Kuachana na Mafuta. Jengo lake lilikuwa la ghorofa kumi na moja. Ghorofa tano za chini zilishughulika na kuleta mafuta nchini, ghorofa tano za juu zilishughulika na kuwaachisha wananchi mafuta hayo, na ghorofa ya katikati ilikuwa mgahawa, ambako pande zote mbili zilikutana saa nne asubuhi kunywa chai na kupongezana.

Mbele ya jengo ulisimama ubao mkubwa wa taa ulioonyesha taifa limeokoa lita ngapi tangu Januari. Ubao huo uliendeshwa na jenereta, na jenereta ilifichwa nyuma ya jengo, ili isije ikauharibia ubao habari zake.

Nakunda alifanya kazi ghorofa ya tisa, Idara ya Upungufu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, stashahada ya takwimu, na sauti ndogo kiasi kwamba mkurugenzi wake, Bwana Sengo, kwa miezi minne ya kwanza alimdhania ni mgeni anayemsubiri mtu. Siku alipoambiwa kuwa ni mtumishi wake alimwomba radhi, akampa meza iliyo karibu na feni. Tangu hapo hakumsikia kabisa.

Mwaka ule Waziri, Mheshimiwa Daktari Balozi Kitojo, alitangaza Mkakati. Kila kijiji kipunguze matumizi yake ya mafuta kwa asilimia thelathini, ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Vijiji viliitikia haraka. Kimoja kiliripoti kuwa kimepunguza kwa asilimia mia nne, na mwenyekiti wake akaitwa redioni aeleze amewezaje. Alisema siri ni umoja.

Kikabaki kijiji kimoja tu ambacho hakijaleta taarifa, Mramboni, kule juu milimani. Daraja la kwenda huko lilichukuliwa na maji miaka minane iliyopita, na daraja jipya lilikuwa bado liko kwenye michoro. Maofisa wanne walipangiwa safari hiyo, na wote wanne wakaumwa mgongo wiki ileile. Akatumwa Nakunda.

*

Alifika kwa miguu siku ya pili, viatu mkononi, na kopo lake la chakula cha mchana likiwa tupu ndani ya mkoba. Mtu wa kwanza kumkuta alikuwa mwanamke mnene mwenye kanga kiunoni, amesimama mlangoni mwa kibanda cha mashine ya kusaga. Huyu alikuwa Mama Senzia, msimamizi wa mashine na wa mfereji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa miguu? Basi wewe si wa serikali."

"Ni wa serikali, mama."

"Pole."

Akamkalisha, akampa uji wa moto. Nakunda alikunywa huku akisikiliza. Mashine ilikuwa inasaga, lakini hakuusikia ule mlio wa injini unaoziba masikio. Alisikia maji, na kitu kikubwa kikizunguka taratibu kama mtu anayejigeuza kitandani. Nyuma ya kibanda gurudumu la mbao na chuma, refu kuliko nyumba, lilikuwa likisukumwa na maji ya mfereji.

Alilitengeneza Fundi Mbonea, mume wa Mama Senzia. Lori la mafuta liliposhindwa kuvuka mto, injini ya dizeli ya kusagia ilikaa kimya miezi mitano na watu wakarudia kutwanga. Fundi akachoka kusikia michi. Akachukua rimu za lori bovu, mbao za daraja zilizookotwa mtoni na mkanda wa ile injini, akaunda gurudumu. Baada ya hapo watu walikosa adabu kabisa. Walianza kupikia gesi ya samadi, wakaweka sola juu ya zahanati, wakawafundisha ng'ombe kuvuta mikokoteni. Hawakuomba kibali, kwa sababu simu ya wizara ilikuwa haipokelewi, na hawakujua kuwa wanachofanya kinaitwa mkakati.

"Mwaka jana mlitumia lita ngapi?" Nakunda aliuliza, kalamu mkononi.

"Za nini?"

"Za mafuta, mama. Dizeli, petroli, mafuta ya taa."

Mama Senzia akamgeukia mumewe. "Kuna ile chupa ya kulainishia bawaba."

"Ile ni ya alizeti," Fundi Mbonea akasema. "Na mwenyewe unaikaangia mayai ukidhani sioni."

Nakunda akaandika sifuri. Na mwaka huu? Sifuri. Aliichora sifuri ya pili vizuri zaidi kuliko ya kwanza, nene na ya duara, maana aliwaza jinsi Bwana Sengo atakavyofurahi.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku ya mfereji. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja na sepetu moja, wakapanda hadi chanzo cha maji wakizibua tope na majani. Wakati huo vyombo vyao vilikuwa vimeshapangwa mlangoni mwa mashine: madebe, ndoo, vikapu, kila kimoja kikimshikia mwenyewe nafasi yake. Waliporudi, Mama Senzia alipita kwenye foleni na kutazama. Chombo cha mtu ambaye hakuchimba alikifudikiza chini, mdomo ukalala kwenye vumbi, naye akaendelea na kinachofuata. Mwenye chombo alikuja, akakiona, akachukua sepetu na kupanda mlimani peke yake mchana kweupe.

Nakunda naye alichimba, kwa kuwa aliona aibu kusimama tu. Alipata malengelenge mawili. Aliporudi alikuta kopo lake la chakula limesimama kwenye foleni, kati ya debe na ndoo, na jioni likajazwa unga. Alirudi nao mjini. Hakuwahi kupewa barua ya ajira iliyomfurahisha kiasi hicho.

*

"Sifuri," alisema Bwana Sengo.

"Ndiyo, mkurugenzi."

"Na mwaka huu?"

"Sifuri."

"Sasa wamepunguza nini?"

"Hawana cha kupunguza."

"Hawana, au hawataki?"

Nakunda alijibu, lakini feni ilikuwa inazunguka.

Bwana Sengo aliingiza takwimu kwenye kompyuta. Kompyuta ilitafuta asilimia thelathini ya sifuri, ikafikiri kwa muda, ikaandika kwa rangi nyekundu: KIJIJI HIKI HAKIJASHIRIKI. Wekundu huo ukapanda hadi ghorofa ya kumi, ukapanda ya kumi na moja, na siku ya tatu Kamati Maalumu ya Mramboni ikakutana. Ilikutana mara sita, kwa sababu kiyoyozi cha ukumbi kilikuwa kizuri.

"Ndugu wajumbe," alisema mwenyekiti wa kamati, "mtoto huyu hajawahi kunyonya. Tutamwachishaje ziwa?"

Wajumbe waliandika swali hilo, na wawili wakalipigia mstari. Basi ikaamuliwa, kwa huruma kubwa, kwamba kijiji cha Mramboni kisaidiwe kuanza kutumia mafuta, ili nacho kipate kupunguza kama wenzake. Kitapewa Kipindi cha Matumizi cha siku tisini. Kitaletewa mapipa matatu ya dizeli, jumla lita mia sita, yawe mali ya kijiji, pamoja na mashine mpya ya kusaga inayotumia dizeli. Kwa muda wote huo gurudumu la maji litafungwa kwa waya wenye lakiri ya serikali, lisije likawavuruga wananchi. Siku ya tisini Waziri mwenyewe atakwenda kukagua. Matumizi yakionekana kwenye fomu, lakiri itakatwa. Yasipoonekana, kwa mujibu wa kifungu cha kumi na nne, gurudumu litang'olewa na kupelekwa Makumbusho ya Taifa ya Kujitegemea, liwekwe ndani ya kioo, ambapo wananchi wote wataweza kulitazama kuanzia saa tatu hadi saa tisa, isipokuwa Jumatatu.

"Lakini wao walishafika," Nakunda alisema. "Kule tunakotaka wengine wafike, wao walishafika."

Bwana Sengo akainua kichwa. "Hii feni," akasema, "ina mlio wa ajabu siku hizi."

*

Aliyetumwa kupeleka lakiri alikuwa ni yeye, kwa kuwa alishaijua njia.

Mapipa yaliletwa na lori hadi ukingo wa mto. Dereva aliyatazama maji, akatazama barua, akasema yeye ameagizwa kufikisha Mramboni na huo ukingo ndio Mramboni. Wanakijiji wakashuka na ng'ombe, wakavusha mafuta ya serikali kwa mikokoteni yao, pipa moja moja. Mashine haikuwemo. Hati ilisema itafuata.

Nakunda alipitisha waya wa lakiri kwenye gurudumu akiwa amelitazama gurudumu, si watu. Lango la maji lilipofungwa gurudumu lilizunguka nusu duara zaidi, likasimama.

"Wewe si ndiye uliyekunywa uji wangu?" Mama Senzia aliuliza.

"Ndiye mimi, mama."

"Haya."

Aliingia ndani, akatoka na kinu na mchi, vitu ambavyo vilikuwa vimekaa miaka saba juu ya dari, akapangusa buibui na kuanza kutwanga. Nyumba ya pili ikaanza, kisha ya tatu. Nakunda alishuka mlima akiisikia michi hiyo nyuma yake mpaka mtoni, na baada ya mto aliendelea kuisikia ingawa haikuwezekana.

Ofisini aliandika barua kuuliza habari za mashine. Alijibiwa iko melini. Akaandika tena, akajibiwa meli iko njiani. Akaandika mara ya tatu, akajibiwa kwamba mashine ilifika lakini mkanda wake ulinunuliwa na idara nyingine, nayo idara hiyo haina mashine. Mapipa matatu yalikaa kibandani yamejaa hadi mdomoni. Kuku wa Fundi Mbonea wakaanza kutagia juu yake.

Siku ya themanini na nane Nakunda alijaribu, kwenye karatasi chakavu, kuandika uongo. Aliandika "lita mia sita". Ilionekana kama mwandiko wa mtu mwingine. Akaichana, kisha akalia kidogo, kimyakimya, kama alivyofanya mambo yake yote.

*

Waziri alikwenda Mramboni Alhamisi, katikati ya Wiki ya Taifa Bila Mafuta. Daraja lililokaa miaka minane kwenye michoro lilijengwa kwa siku nne. Lilikuwa la kukodi.

Msafara ulikuwa wa magari ishirini na matatu. Moja lilibeba kiti cha Waziri, moja hotuba, moja mtu wa kushika hotuba, na moja halikubeba kitu, lilikuwepo kwa ajili ya kukamilisha mstari. Kwa heshima ya Wiki, vituo vyote vya mafuta njiani vilikuwa vimefungwa na kupambwa maua. Wapiga picha walipiga picha maua.

Waziri alihutubia mbele ya gurudumu lililofungwa. "Wananchi wa Mramboni," alisema, "nimesafiri siku mbili kuja kuwaambia kuwa safari zisizo za lazima ziachwe. Serikali yenu imejitosheleza kwa kujitegemea, na itaendelea kutegemea kujitosheleza kwenu. Tunataka kijiji kisichohitaji kitu kutoka kwetu, na hatutachoka kuwaletea vitu mpaka mfike huko."

Wanakijiji walipiga makofi. Ni watu wenye adabu, na mgeni akimaliza kusema hupigiwa makofi. Mbele ya kibanda, nyuma ya mgongo wa Waziri, vyombo vilikuwa vimepangwa foleni. Tangu lakiri ilipofungwa mashine haikusaga hata kikombe, lakini kila Alhamisi watu walichimba mfereji kwa ajili ya kumwagilia maharage, na kila Alhamisi walipanga vyombo vyao vilevile, ili foleni isisahau mpangilio wake.

Nakunda alisimama pembeni na fomu. Sehemu ya lita ilikuwa bado tupu. Nyuma yake mafundi wawili wa Makumbusho walikuwa tayari wanapima gurudumu kwa utepe.

Ndipo dereva wa Waziri alipomnong'oneza Bwana Sengo. Bwana Sengo akamnong'oneza dereva wa pili, na wa tatu, na kila aliyenong'onezwa alitikisa kichwa. Magari yote ishirini na matatu yalikuwa yamekauka. Yalipanda mlima na mafuta ya mwisho, na kituo cha karibu kilichokuwa na maua mlangoni kilikuwa mwendo wa saa tano.

Bwana Sengo alimwendea Mama Senzia, akitabasamu kwa meno ya mbele tu.

"Mama, tunachukua yale mapipa."

"Ya kijiji?"

"Ya serikali."

"Barua yenu imesema ni mali ya kijiji. Sisi hatuna choyo, baba. Mkitaka kitu kibandani humu, wekeni vyombo kwenye foleni."

Madumu ishirini na matatu yakapangwa nyuma ya madebe. Mama Senzia akajifunga kanga upya, akapita kwenye foleni akitazama. Madebe aliyapita. Alipofika kwenye dumu la kwanza alilifudikiza chini. La pili vilevile. Alifika hadi la Waziri, lenye nembo ya taifa, na nembo ikalala kwenye vumbi.

"Anafanya nini huyu?" Bwana Sengo alimwuliza Fundi Mbonea.

"Hamjachimba."

"Hatujachimba nini?"

"Mfereji. Leo Alhamisi. Asiyechimba chombo chake hakisimami."

"Hata cha Waziri?"

"Mimi ni mumewe, mkurugenzi, na mwezi uliopita ndoo yangu ililala hivyo hivyo mpaka magharibi. Nilikuwa na mafua."

Waziri aliuliza kama kamera zipo. Zilikuwepo. Akavua koti, akapewa sepetu, akachimba mara tatu akiitazama kamera. Betri ya kamera ikaisha, akataka kuinuka, akakutana na macho ya Mama Senzia, ambaye hakuwa na betri. Akainama tena. Mwenyekiti wa Kamati Maalumu alichimba. Mshika hotuba alichimba. Watumishi themanini na mmoja wa serikali, Nakunda akiwemo, walipanda hadi chanzo cha maji wakizibua tope, na wanakijiji wakiwapa moyo kando ya njia.

"Shika chini kidogo, mheshimiwa," mwanamke mmoja alimwelekeza Waziri. "Hivyo utajikata, na zahanati yetu ina dawa ya minyoo tu."

Waliporudi, Mama Senzia aliyainua madumu moja moja. Kila gari lilipata lita ishirini na sita. Zikabaki lita mbili, akaagiza ziongezwe kwenye gari la Waziri, kwa heshima. Kuku walisimama kando wakiyatazama mapipa yao yakibingirishwa nje, matupu.

Nakunda aliyatazama mapipa hayo pia. Aliisoma fomu yake mara moja, kisha mara ya pili. Injini zote zilikuwa bado zimezimwa na watu walikuwa hoi, wamekaa nyasini kimya.

"Mkurugenzi," alisema.

Bwana Sengo akageuka. Hakukuwa na feni pale.

"Fomu inauliza mafuta yametumika wapi, au yametumiwa na nani?"

"Wapi. Fomu zetu hazina habari na watu."

"Na yanahesabiwa kuwa yametumika wakati gani?"

"Kanuni ya tano. Yanapotoka kwenye pipa." Alisema hivyo kama mtu anayesoma ukutani. Aliyatazama mapipa matatu. Akayatazama magari, akaitazama suruali yake iliyojaa tope. Akafikiria jinsi atakavyomweleza Waziri kwamba siku tisini zimekwisha, mashine haijafika, na mkanda wake umekaa kwenye idara isiyo na mashine.

"Mramboni," alisema polepole. "Yametumika Mramboni."

"Niandike?"

"Andika, binti. Andika upesi."

Nakunda aliandika lita mia sita. Safari hii mwandiko ulikuwa wake.

Mafundi wa Makumbusho walikunja utepe wao. Waziri akaletewa ule mkasi aliokuja nao kwa sababu hasafiri bila mkasi, akakata lakiri kwa madaha, na Fundi Mbonea akafungua lango. Mfereji haukuwahi kuwa safi kiasi kile tangu uchimbwe. Maji yalikuja kwa kishindo, gurudumu likaruka kama limeitwa jina, na ikabidi fundi akimbie kulipunguza lango kabla mkanda haujakatika. Mahali fulani nyuma ya umati mchi mmoja ulikuwa bado unatwanga. Ukasita, ukanyamaza.

Mama Senzia alimshika Nakunda mkono, akamwangalia viganja. Malengelenge yalikuwa manne.

"Kopo lako umekuja nalo?" aliuliza.

*

Mwaka uliofuata Mramboni ilitoka lita mia sita ikarudi sifuri, na ikatangazwa kuwa mshindi wa taifa kwa kupunguza asilimia mia moja. Kile kijiji cha asilimia mia nne kilikata rufaa. Zawadi ya mshindi ilikuwa mapipa matatu ya dizeli, yaliyokabidhiwa pamoja na cheti, na kuku wakarudi mahali pao.

Mwaka uliofuata huo, kompyuta ikatafuta asilimia thelathini ya sifuri na kuandika kwa rangi nyekundu. Bwana Sengo alikuja mbio hadi kwenye meza ya Nakunda, akaizima feni kwa mkono wake mwenyewe, akavuta kiti.

"Tufanyeje?" aliuliza.

Nakunda alikuwa ameshaiandika barua. Ilikuwa fupi, na Bwana Sengo aliitia saini bila kubadilisha neno. Inasomeka hivi:

"Kijiji cha Mramboni kimebaki tena bila cha kupunguza. Ili kiweze kushiriki Mkakati kama wenzake, Mheshimiwa Waziri anaombwa kukitembelea na msafara uleule au, ikiwezekana, mkubwa zaidi. Siku iwe Alhamisi. Mafuta ya kurudia yapo. Sepetu kila mtu aje na lake."